Kurasa Nilizozibana kwa Stepla

Admin, jina langu baki nalo wewe, maana humu kuna watu ninaosali nao.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, Mkongomani, mjane, na huu ni mwaka wangu wa tisa Kampala. Nashona nguo Katwe. Kwetu Bukavu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata hapa kanisani bado wananiita Mama Mwalimu. Jina hilo nalipenda kupita kiasi, nakiri.

Mwaka jana muumini mmoja Mkenya, mfanyabiashara wa vitambaa, alituletea maboksi mawili ya riwaya za Kiswahili kutoka Nairobi. Karibu zote ni za vijana, mambo ya shule na mapenzi. Mchungaji akasema kabla watoto hawajaanza kuziazima, mtu mzima azisome kwanza. Nani mwingine kama si mimi? Nikachukua daftari, nikachora safu mbili, utamu na ukomavu. Kwenye utamu niliweka alama kati ya kumi. Kwenye ukomavu niliandika umri, na kitabu kikiwa na jambo zito sikukitupa, nilizibana tu zile kurasa kwa stepla. Nilijiona nina akili sana. Wazazi walinishukuru mpaka nikavimba kichwa.

Kulikuwa na kitabu kimoja cha msichana wa sekondari anayepata mimba. Jamani, kile kitabu ni kitamu! Nilikisoma kwa siku mbili, maharage yakaniungulia, nguo ya mteja ikakaa bila kuguswa, na mwishoni nililia peke yangu kisha nikanawa uso. Nikakipa tisa. Halafu nikachukua stepla. Kuanzia pale msichana anapofungasha nguo zake na kutoka kwao, nilibana kurasa zote hadi mwisho, kwa sababu humo kuna kliniki, kuna kujifungua, na mama na binti wanaongea wazi mno. Nikasema watoto wetu hawajafika huko. Mimi nilijiruhusu kulia, wao nikawanyima.

Neema (si jina lake) ana miaka kumi na sita. Mama yake ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, tulivuka mpaka pamoja. Huyo mtoto alikiazima kitabu hicho mara tatu. Mara ya tatu alikirudisha kwenye banda langu la kushonea, akasimama hapo haondoki. Nikadhani anataka kingine.

"Mama Mwalimu," akaniuliza, "huyu binti, wakati mama yake alijua, alimufanyia nini?"

"Unauliza ya nini?"

"Bure tu, Mama. Ninataka kujua mwisho."

Ningeweza kumwambia ukweli. Ningeweza hata kusimamisha cherehani na kumtazama usoni. Lakini nilikuwa na gauni la harusi la watu, na nikaona hapo ndipo pa kumtia woga kabla hajaharibika. Nikamjibu huku nashona: "Alimukataa. Alimwambia asikanyage tena pale. Mama gani atapokea aibu kama ile?"

Akasema, "Aksanti, Mama." Akaweka kitabu mezani, akaenda zake.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi mama yake alirudi kutoka sokoni akakuta begi halipo, na karatasi juu ya kitanda. Ameandika kwamba ana mimba, asitafutwe, anajua hatapokelewa. Simu yake imezimwa tangu siku hiyo, na sasa ni wiki ya tano.

Niliposikia, nilikimbilia kile kitabu. Nilitamani nikute amezing'oa zile pini akasoma mwenyewe. Hakugusa hata moja. Mtoto wa watu alinitii.

Na humo ndani, ndugu zangu, mama anampokea. Anamfuata binti yake kwa shangazi, anamvua viatu, anamwosha miguu iliyovimba, kisha wanarudi nyumbani wote wawili. Hapo ndipo mimi nililia siku ile.

Sasa kila siku namsindikiza mama Neema kumtafuta. Tumeuliza mtaa wa Kisenyi kwa Wakongomani wenzetu, tumeuliza hospitali ya Mulago kwa akina mama wajawazito. Kila tukitoka mahali ananishika mkono: "Mama Mwalimu, nani alimwambia mimi sitamupokea? Mu nyumba yangu sijawahi kusema neno kama ile. Arudi tu, hata na mimba, ni mutoto yangu." Halafu anaanza kukumbuka ugomvi wote wa nyumbani, siku aliyomfokea kwa sababu ya vyombo, siku aliyomnyima viatu, anatafuta ni lipi kati ya hayo lilimfukuza mwanawe. Nami namwambia asijilaumu, watoto wa siku hizi wanasikia mambo mengi huko nje. Nikisema hivyo nauchukia mdomo wangu.

Nikimweleza, nitampoteza, na yeye ndiye ndugu pekee niliye naye katika mji huu. Nikinyamaza, ataendelea kujila moyo kwa kosa ambalo ni langu. Nimeshaenda mlangoni kwake mara mbili na maneno tayari kinywani, ananikaribisha chai, nakunywa chai narudi. Mama zangu, dada zangu, nisaidieni mawazo. Mtu anaanzaje kumwambia mama mwenzake jambo kama hili?

Na wewe mwanangu, najua unafuata ukurasa huu, ulinionyesha mwenyewe. Kama unasoma mahali popote ulipo, mama yake alimpokea. Mimi nilikudanganya.