Mgomba katika Kaburi la Efraimu

Nyuma ya nyumba ya Efraimu Nzowa, katika kijiji cha Ruanda, Mbozi, kuna kaburi lenye msalaba ambalo ndani yake hamna mtu. Mkewe, Tumpale, hupalilia makaburi ya wakwe zake yaliyo kati ya mibuni. Hilo moja hulipita bila kuligusa, kama mlango wa mtu aliyegombana naye.

Kwa miaka thelathini na moja Efraimu alifanya kazi mjini, katika chumba cha chuo ambamo wanafunzi wa udaktari hupasua maiti ili kuujua mwili. Yeye ndiye aliyewaosha marehemu, akawahifadhi kwa dawa, akawachana nywele kabla ya kuwalaza mezani. Kila mwisho wa mwezi alirudi nyumbani shati likinuka dawa ile. Wapo wanawake wanaogundua manukato ya mwenzao kwenye nguo za mume. Tumpale aligundua harufu hiyo.

"Safari hii umemchana nani?" alimuuliza.

"Bibi mmoja. Hakuwa na wa kumchana."

"Kwani mimi ninaye?"

Efraimu alicheka, kisha akamsimulia aliyoyaokota kwa walimu: kwamba zamani Ulaya waganga waliusoma mwili wa binadamu kwa kupasua nguruwe na nyani, kwamba baadaye walipewa walionyongwa, na hao walipokuwa hawatoshi, maiti zikaibwa makaburini. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha juu akisoma kitabu, na kinyozi, ambaye siku hizo ndiye aliyepasua, akasimama chini na kisu.

"Jina la mwalimu limeandikwa," alisema. "La kinyozi analijua nani? Na mimi nimewaonyesha madaktari wangapi mshipa ulipojificha?"

Efraimu naye, kumbe, alikuwa na wivu wake: alitaka naye afundishe. Alipostaafu akaandika wosia kwamba akifa apelekwe chuoni, alazwe juu ya meza zile alizozisugua.

Alifariki mwaka jana, mibuni ikiwa imechanua. Vijana wa ukoo waliposikia kilio walishika majembe, maana kwetu hakuna anayengoja kuambiwa. Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa ndipo mdogo wake, Yesaya, alipousoma wosia. Chuo kilikuwa na nakala, na gari lake lilikuwa limefika. Ilibaki saini ya mjane tu.

"Shemeji, usisaini," Yesaya alisema. "Kaburi likichimbwa linadai mtu."

"Amewachagua hao wa chuoni mwenyewe. Nimfunge kamba?"

"Huo ni wivu, shemeji."

"Ni wivu. Wewe ulidhani ni malaria?"

Akaomba maji ya moto na kitana. Alimwosha mumewe peke yake, mlango umefungwa, akamchana polepole, upande aliopenda mwenyewe. Alipotoka alimwambia dereva, "Waambie huko wasimchane tena. Ameshachanwa." Kisha akasaini.

Kaburi lililo wazi halifukiwi tupu. Vijana wakakata mgomba, wakauvisha koti lake la kazi, wakauzika, na mzee wa kanisa akausomea zaburi fupi. Tumpale hakusogea karibu.

Miezi minane baadaye ikaja barua kupitia chuoni, ya mwanafunzi aitwaye Violet. Alishukuru kwa adabu sana. Alisema kwamba kwa baba huyu ameona moyo wa mtu kwa mara ya kwanza. Akaongeza kwamba ubavu mmoja wa kushoto uliwahi kuvunjika zamani ukaunga vizuri, na kwamba bila shaka aliuguzwa na mtu aliyempenda.

Yesaya, aliyekuwa akisoma kwa sauti, alimsogezea shemeji yake kitambaa cha kufutia machozi. Tumpale hakulia.

"Alianguka kutoka kwenye lori la kahawa mwaka tuliooana," alisema. "Niliukanda ubavu huo wiki sita. Sikuwahi kuuona." Akanyoosha mkono, akaichukua barua. "Na moyo ameuona huyo binti."

Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia, akaenda kupalilia.

Efraimu Nzowa yuko chuoni, meza ya nne kutoka mlangoni, upande wa dirisha.