Santuri Juani

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu kitindamimba mwenye homa, na balozi wa nyumba kumi. Leo beseni la plastiki limesahaulika juani, na harufu yake imenirudisha uani kwetu.

Wazazi walikwisha kufa, nami nilikwisha kuacha shule. Sikwenda msaragambo, kazi ya kijiji kizima ya kuzibua mfereji, kwa sababu nilikuwa nauguza.

"Shikamoo, balozi. Mtoto anaumwa."

"Marahaba. Na mfereji unaumwa. Toa kitu, ukifanya kazi utarudishiwa."

Akabeba santuri ya bendi ya baba. Wanabendi walikuwa wameuza mbuzi wao ili wairekodi: wimbo wa jembe linaloomba likizo, wa beberu anayehutubia mkutano, na mmoja aliotungiwa kitindamimba. Nilimwahidi kwamba akipona nitampeleka mjini Same, kwenye gramafoni, akausikie.

"Nyimbo za vichaa hizi," balozi akacheka, akaitupa juu ya ukuta wake wa mawe, juani.

Nilichimba siku mbili. Santuri ilirudi imejikunja kama sikio la mbuzi.

"Si hii hapa?" balozi akasema.

Nikasema asante. Asante ile inanichoma mpaka leo.

Kitindamimba sasa ana wajukuu, na bado ananiuliza wimbo wake ulikuwaje. Nakumbuka kiitikio tu. Mfereji niliulipa, yeye bado ananidai.