Kupamba Bibi Arusi Kwenye Kompyuta

Mama alinyimwa viza ya kuja kwetu ughaibuni, na mdogo wangu akaapa kwamba hatoki nyumbani kwangu Stechford kwenda kwa mumewe mpaka Mama amtolee radhi mbele za watu. Kwa simu alikwisha kuridhiwa mara kadhaa. Hakutaka ya simu.

"Wewe dada ulipoolewa, Mama alisimama katikati ya wageni akakutolea radhi, watu wakaitikia amina," aliniambia. "Mimi kwa nini niridhiwe jikoni, simu nimeibana sikioni kama naulizia bei ya samaki?"

Mimi hasira zangu ziko karibu, basi nikawasema watu wa viza mpaka nikachoka, halafu nikaanza kupanga sherehe.

Wazo lilitoka kwa mwenzangu wa kazini, binti wa Kinairobi tuliyekuwa tukifunga naye maboksi kwenye ghala moja la Washwood Heath. Jioni zake zote alizimalizia ndani ya dunia moja ya kwenye kompyuta, mojawapo ya zile zilizovuma katika miaka ile ya elfu mbili na kitu. Unajichagulia umbo, unalivika nguo, unatembea, ukitaka unaruka angani, na unazungumza na watu walioko popote. Yeye alikuwa na kiwanja chake humo. Aliposikia shida yetu, akaahidi kutujengea ukumbi.

"Lakini jua hivi," alinionya. "Hiyo place inabeba watu forty pekee. Wa forty na moja anafungiwa nje, hata akuwe nani."

Nikasema sawa, huku akili yangu yote iko kwenye mapambo. Nilitaka mikeka, mito, mataa, na kiti cha bibi arusi chenye vitambaa vya kijani. Nikataka pia rundo la viatu mlangoni.

"Viatu vya nini, na hawa watu hawana miguu?"

"Weka viatu. Ukumbi usio na viatu mlangoni ni ukumbi uliokosa watu."

Akaweka, akinung'unika. Mimi nikashika simu kuwafundisha jamaa zetu wa Maskati, Dubai na Toronto namna ya kuingia. Shangazi yetu wa Maskati alijifunza kuruka kabla hajajifunza kutua, akakwama juu ya paa la ukumbi.

"Nishushe, mwanangu," alilia kwenye simu. "Watu wako chini wananitazama na gauni hili!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Jumamosi yenyewe, baada ya adhuhuri, tulikuwa watatu sebuleni kwangu: mimi na mwenzangu kwenye kompyuta moja, mdogo wangu kwenye nyingine, amepakwa hina kweli na amevaa kweli, ingawa waliokuwa wakimwona ni wanasesere wa kwenye skrini. Watu wa mume walikuwa waje kumchukua baada ya alasiri. Nilikuwa nimealika watu wachache makusudi ili nafasi ibaki, ila nilisahau kwamba nawaalika Waswahili. Kila mmoja alikuja na wifi yake, na wifi akaja na jirani.

Halafu taarabu tuliyokuwa tukiipiga ukumbini ikawaita wapita njia wa humo. Akaingia mbweha aliyevaa suti. Nyuma yake akaja mtu mwenye mabawa ya kijani, na mwingine mwenye kichwa cha bati. Hawakujua neno la Kiswahili. Nikawauliza kwa Kiingereza kama ni wanawake, maana ile ni shughuli ya wanawake. Wakaapa kwamba ndiyo. Ningehakikisha vipi kwa mbweha? Nikawakaribisha, nikawapa sahani za biriani ya kuchorwa, wakakaa kwenye mkeka kwa adabu kabisa.

Ndipo Mama akapiga simu. Alikuwa kwenye duka la intaneti mjini Unguja.

"Umeme umekatika tangu asubuhi," alisema. "Tuko kwenye jenereta, na mwenye duka anasema mafuta yanakwisha. Na hii mashine inaniambia mahali pamejaa. Pamejaa vipi, na mimi ndiye mama wa bibi arusi?"

Mdogo wangu alisikia. Uso ukamsawijika, na wanja ukaanza kuteremka.

"Toa huyo fox," mwenzangu alinong'ona. "Click tu hapa, anaenda."

"Mgeni amekula kwangu, nimfukuze?"

"Amekula nini? Ni picha!"

Sikuweza. Katika maisha yake yote Mama hajapata kumwambia mgeni aondoke, na mimi nisingeanza siku ile, tena yeye yuko mlangoni. Kwetu kuna njia ya heshima: unapitisha udi. Chetezo kikizunguka, kila mtu anajua kwamba shughuli imekwisha, na hakuna aliyeambiwa kitu. Nikamwomba mwenzangu atengeneze chetezo upesi, chenye moshi. Nilikusudia waondoke wawili watatu tu.

Nikakizungusha. Shangazi wa Maskati akawa wa kwanza kusimama. "Haya, tumefurahi, Mungu awape kheri," akatoweka. Dubai wakafuata, kisha Toronto, na mawifi na majirani zao. Kufumba na kufumbua jamaa wote waliolelewa vizuri walikuwa wamekwenda zao. Waliobaki kwenye mikeka ni wale wasiojua maana ya udi: mbweha, mabawa na kichwa cha bati. Mbweha akaandika kwamba moshi ule ni mzuri sana.

Nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja. Nikampigia Shangazi. Kumbe alikwishazima mashine, yuko jikoni.

Mama akaingia. Mtandao wake ulikuwa dhaifu kiasi kwamba umbo halikutokea. Tuliona wingu la kijivu tu limesimama karibu na viatu. Lakini sauti ilikuwa yake.

"Watu wako wapi?"

"Wameondoka, Mama. Wamebaki hawa watatu. Si jamaa zetu. Hata hatuwajui."

Nyuma yake jenereta lilikuwa likikohoa.

"Wamekuja harusini kwa mwanangu?"

"Wamekuja."

"Basi ni watu. Waambie wasimame."

Nikaandika, wakasimama. Wingu likasogea mpaka kwenye kiti cha kijani, likamfunika bibi arusi.

"Mwanangu, nimekuridhia," Mama alisema. "Radhi zangu unazo, duniani na akhera."

Niliandika kila neno kwa Kiingereza. Wale watatu, mmoja baada ya mwingine, wakaandika amina.

"Na waambie hivi," Mama akaendelea, mbiombio sasa. "Mimi niko mbali na wanangu. Wao ndio walioko huko. Nimewakabidhi wao wanangu."

Nikaandika. Maneno ya mbweha yakatokea: Mwambie mama yenu kwamba nimepokea.

Mama aliuliza wamesemaje. Mdogo wangu ndiye aliyemsomea, kwa Kiswahili na kwa sauti kubwa, jenereta lisije likazima kabla hajasikia.