Ukoo wa Benchi ya Jumanne

Siku ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe kubwa hivi, ng'ombe wawili wangelala ndani na wabakishe nafasi ya ndama. Sista Mkuu, mama mwenye sauti ya kusimamisha treni, akaniuliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia mpaka mlango wa shule. Akacheka, akanipa kazi ya kuchemsha sindano.

Ilikuwa kliniki ndogo ya mtu binafsi huku Eastlands, miaka ya tisini. Wagonjwa wengi walikuwa na ukimwi, na dawa ya maana hatukuwa nayo. Jumanne walikaa kwa benchi, Sista akawadunga vitamini kutoka chupa moja kubwa, na mimi nikawapa stori. Walisema stori zangu ndizo zinaongeza damu.

Halafu macho yakaanza kuwa ya njano. Daktari Mkuu akapima, akapata homa ya ini aina ya C, ile inapitia kwa damu. Watu saba, wote wa benchi moja. Kati yao alikuwa Mama Mwende wa mtaa wa Lucky Summer. Bwanake, Mutua, alikuwa mchongaji wa vinyago pale soko la Gikomba. Naye akapimwa. Ukimwi anao, hiyo ya ini hana.

Sasa Mutua alipokuja kumchukua bibi yake, mimi na mdomo wangu nikasema mbele ya benchi nzima, "Mama Mwende, na yule mwingine mlete tumpime." Watu wakacheka. Kuona wanacheka nikaongeza, ati nimemwona mtaa wa Donholm ameshikwa mkono na jamaa wa tai. Sikuwa nimeona mtu. Mutua hakucheka. Ugonjwa wa kwanza alijua ni yeye aliuleta nyumbani. Huu wa pili sasa ulikuwa na mwenyewe, mwanaume mwingine.

Jumanne iliyofuata Mama Mwende hakuja. Alikuwa amerudishwa kwa mamake huko Machakos, na mtoto wao, Mwende, akabaki na baba. Nilikimbia Gikomba kumwambia Mutua ilikuwa mzaha tu. Hakuinua hata macho. "Ulimwona," akasema. "Sasa ndio unaogopa."

Daktari Mkuu akaamua damu za wale saba zipelekwe maabara ya ng'ambo. Mimi ndiye nilibeba sanduku la barafu mpaka uwanja wa ndege, nikilikumbatia kama bibi harusi. Mtaalamu wa maabara tuliyeenda naye alinieleza njiani watakachofanya huko. Alisema ndani ya kirusi kuna herufi, maelfu. Kikizaana kinajinakili, na kikinakili kinakosea kidogo, na watoto wanarithi hayo makosa. Ukipanga herufi za huyu kando ya za yule, zikifanana sana ujue wametoka kwa mzazi mmoja juzi juzi. Zikiachana, hawajuani. Mimi sijui kusoma, lakini hiyo nilielewa: ni kama kutambua ukoo kwa pua.

Tulingoja miezi. Majibu yakaja: wote saba, ukoo mmoja. Na mmoja wao alikuwa shosho wa kanisa, bibi kizee ambaye mwanaume wake wa mwisho alimzika kabla ya uhuru.

Walichoshiriki wote ni sindano ya Jumanne, basi Daktari akamwambia Sista amwonyeshe vile anadunga. Sista akaonyesha. Sindano alibadilisha kila mtu, zimechemka vizuri. Lakini bomba la kuvutia dawa lilikuwa lile lile, na likiisha dawa alilirudisha ndani ya chupa kuvuta tena.

"Hapo, Sista," Daktari akasema pole pole. "Damu ya mmoja imeingia kwa chupa ya wote."

Sista akakaa chini kwa sakafu.

Daktari akaandika barua, nikampelekea Mutua. Akaisoma mara mbili huku amesimama. Akaniuliza, "Na yule wa Donholm?" Nikamwambia hakukuwa na mtu. Akaweka patasi chini, akafunika uso na mikono iliyojaa vumbi la mbao.

Kesho yake tulienda Machakos pamoja. Mama Mwende alikuwa ameketi nje, tumbo limefura, macho kama papai. Mutua akamsomea barua. Alisikiliza yote, akamwambia tu amlete mtoto. Kisha akanigeukia.

"Chupa nimeisamehe," akasema. "Chupa haina mdomo."

Mtoto aliletwa. Wakakaa pamoja wiki tatu, halafu tukamzika Mama Mwende.

Nilichemsha sindano miaka mingine mingi, mpaka zikaja hizi za kutumia mara moja na kutupa, nami nikastaafu. Vijana wa kliniki huniomba stori na mimi huwapa, nyingine mpaka wanashika mbavu. Mwende ni mtu mzima sasa. Tukikutana Gikomba ananishika mkono, ananiita mjomba, anauliza afya. Sijui kama babake aliwahi kumwambia juu ya mdomo wangu. Mimi bado sijamwambia.