Antena ya Kompyuta Yetu

Enzi zetu, na ninyi mliokulia kwenye baridi ya kijiji chetu cha Kimulot mtaniunga mkono, picha ya televisheni ilikuwa kazi ya watu wawili. Mmoja alikaa ndani akitazama chenga, mwingine alisimama nje akizungusha mwanzi uliokatwa msituni, wenye antena kwenye ncha. Wa nje aliuliza, "Imekaa?" Wa ndani akajibu, "Bado, rudisha kidogo." Ukirudishwa zaidi ya kidogo, msomaji wa habari alipotea tukabaki na sauti yake. Tulikula ugali na mboga za managu kimya, maziwa ya mursik kwenye vikombe vya bati, na hakuna aliyethubutu kupita karibu na ukuta wenye waya. Nawakumbusha haya mapema ili mtakapousikia ujinga wangu mnicheke kwa kiasi.

Baba alikuwa karani wa kiwanda cha majani chai. Alianzia kwenye kituo cha kununulia majani, akipima vikapu vya wachumaji, na hata alipohamishiwa ofisini hakuuacha msemo wake wa kituoni. Ukimharakisha kwa jambo lolote alikuambia, "Wacha mzani utulie kwanza." Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ofisi yao ilipata kompyuta mpya na zile kuukuu wakauziwa wafanyakazi. Baba akaja na moja juu ya trekta la majani, imefunikwa gunia. Sisi tulikuwa tumeomba baiskeli.

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na nilikuwa nimeona kompyuta mara nne maishani. Hiyo ilitosha kunifanya mtaalamu wa kijiji kizima. Nilikuwa na gazeti moja la kompyuta lisilo na jalada, nimelisoma mpaka kurasa zikalegea, na likizo ya Desemba nikatangaza mezani kwamba mashine yetu haina kadi ya picha ya maana. Mama, aliyekuwa akingoja bonasi ya chai anunue tangi la maji, akauliza hiyo kadi inachota maji wapi. Nikamweleza kwamba bila kadi masomo ya kisasa hayaonekani sawasawa. Masomo yenyewe yalikuwa gemu ya mbio za magari aliyoninakilia mwenzangu wa bweni.

Bonasi ya chai ilikuwa imeingia. Baba alinitazama kitambo, mzani ukatulia, akasema, "Sawa. Enda Kericho uchague mwenyewe." Hakuwa amewahi kuniachia jambo kubwa kiasi hicho. Jumapili akasimama nje ya kanisa, yeye asiyejua kujisifu, akawaalika wenzake wa ofisini waje kwetu kunywa chai Jumapili itakayofuata waone vile kijana wake ametengeneza kompyuta. Kama ningeharibu, si mimi ambaye ningechekwa ofisini Jumatatu.

Kericho niliingia duka la Mzee Gitau, mfanyabiashara mpole aliyeuza redio, pasi, betri na vitu vya kompyuta kidogo. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na kadi mbili. Moja ilikuwa fupi, imelala ndani ya karatasi ya plastiki. Nyingine ilikuwa kwenye katoni lenye picha ya simba anayetema moto.

"Kompyuta yako iko na screen gani?" Mzee Gitau akaniuliza.

"Ya kawaida," nikajibu, kama mtu anayezijua zisizo za kawaida.

"Ile ya ofisi ya zamani? Basi kijana yangu, chukua hii ndogo. Hii ya simba itakimbia iache hiyo screen yako nyuma."

Niliona ananidharau kwa sababu ya gambuti zangu. Kogo, nyanya yetu, alitufundisha sokoni Ndanai kwamba ng'ombe huangaliwa kiwele, haangaliwi pembe. Nililijua hilo tangu nikiwa chekechea. Nikanunua simba.

Kadi iliingia vizuri, gemu ikawaka, magari yakaondoka. Kwenye kona ya kwanza picha ikachanika katikati. Nusu ya juu ya mlima ilikuwa imeshakwenda kushoto, nusu ya chini imebaki kulia, na gari langu limekatwa kiunoni. Kona ya pili, vivyo hivyo. Leo najua kilichokuwa kinatokea: kadi ilitupa picha haraka kuliko skrini ilivyoweza kuzichora, kama wachumaji wanaomwaga vikapu kwenye mzani kabla cha kwanza hakijapimwa, hivyo skrini ikachora nusu ya picha hii na nusu ya inayofuata. Wakati ule, kwa utaalamu wangu wa kompyuta nne, niliamua kwamba ni mawimbi. Picha ikiharibika, kosa ni la antena. Nani Kimulot angebishana na hilo?

Wiki nzima nilihamisha kompyuta kutoka dirisha hadi dirisha. Niliufunga waya wa antena mgongoni mwake kwa skrubu. Niliweka sufuria ya Mama juu ya skrini, nikaambiwa niirudishe jikoni kabla sijachapwa. Dada yangu mdogo Chelangat, aliyekuwa darasa la saba, nilimkataza kugusa chochote. Nilimruhusu kusoma tu, basi akasoma kila kilichoandikwa kwenye hiyo mashine, menyu hadi menyu.

Jumapili ikafika na picha bado matambara. Tulitoka kanisani manyunyu yakianza, na wageni walikuwa njiani. Baba akaingia na suti yake ya ibada, akasimama nyuma yangu, akaliona gari langu likikatika. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Baba, nisaidie," nikasema. "Shika mwanzi. Mawimbi yanatoka upande wa msitu."

Akaitazama kompyuta. Akanitazama mimi. Akavua kofia, akaiweka juu ya meza, akatoka nje.

"Imekaa?"

"Bado. Geuza upande wa msitu wa Mau."

Mvua ikakaza. Niliusikia mwanzi ukikwaruza bati. Chelangat, pembeni yangu, akasema, "Hapa kwa settings kuna mahali imeandikwa wait. Inasema kadi ingojee screen. Si niiambie ingojee?"

"Wacha kugusa vitu vya watu."

Akagusa. Gari likapita kona ya kwanza likiwa zima. Likapita ya pili. Mlima ukabaki mlima.

"Imekaa?" Baba akauliza tena kutoka mvuani.

Nilimwangalia Chelangat. Nikaangalia dirisha. "Imekaa, Baba," nikapaza sauti. "Usiiguse."

Wageni walikunywa chai wakashangilia magari, na Baba, mabega yakimdondoka maji, akawaeleza jinsi tulivyoitengeneza sisi wawili. Kesho yake aliufunga mwanzi kwa seng'enge ukielekea msituni na akapiga marufuku kuugusa. Televisheni ikabaki chenga tupu, habari tukazipata kwa redio hadi Pasaka. Mimi niliosha vyombo kwa zamu ya Chelangat likizo yote ili anyamaze. Leo yeye husimamia kompyuta za kampuni kubwa huko Nakuru, nami nauza mbegu za mahindi Kericho, na sina la kulalamika.

Desemba iliyopita tulikuwa Kimulot kubadilisha mabati. Mwanzi bado ulikuwepo, umeoza, umebaki kusimama kwa ajili ya seng'enge tu. Nikaona nimezeeka vya kutosha kukiri. Nikamweleza Baba yote, ile wait ya Chelangat na uongo wangu.

Akacheka mpaka akashika ubavu. "Weri," akaniita, yaani kijana, vile alivyoniita nikiwa mtoto, "mimi nilikuwa na kompyuta mbele yangu ofisini kila siku. Uliwahi kuona yangu ikiwa na antena?"

"Sasa mbona ulisimama kwa mvua?"

Akaushika ule mwanzi uliooza. Nilidhani anautuliza mzani. "Tangu uende high school ulikuwa unaniandikia barua ya mahitaji tu. Sabuni, karo, viatu. Hiyo siku ulisema, Baba, nisaidie. Ningekataa aje?"

Nikajifanya nahesabu misumari.

Mwanangu Kiprono ana umri niliokuwa nao. Ana kiti kama cha rubani, spika zinazoziba masikio yote mawili, na kadi ya picha aliyoichagua kwa simu bila kumuuliza Mzee Gitau yeyote. Picha yake haichaniki. Ikisita hata kufumba na kufumbua, anaandikia watu wa nchi nyingine wanamjibu kabla chai yake haijapoa. Jioni mimi hufungua mlango wake nikasimama pale, naye huinua spika ya sikio moja na kuniuliza, "Dad, kuna kitu?" Nami husema hakuna, nikaurudishia mlango taratibu. Namwombea mtoto wangu mema yote ya dunia, lakini Mungu anisamehe, huwa naomba pia picha yake ichanike kidogo, akwame, aniite, nitoke nje kwenye mvua nikashike chochote atakachoniambia nishike.