Mguu wa Fagio

Mtoto wa kaka yangu alipewa jina la Fagio akiwa na miaka saba, na waliompa walidhani wanamtukana. Walikuwa watoto wa wanachama wa klabu, wenye raketi mpya na kofia nyeupe. Walimkuta anakokota brashi ndefu kuliko kimo chake, akisawazisha udongo mwekundu wa kiwanja namba tatu. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la chumba cha kufulia taulo, mikono imejaa povu, nikasikia kila kitu. Nilitaka nitoke nikawape vidonge vyao. Mwenyewe aliwaangalia tu, akamaliza mstari wake, kisha akauliza nani anataka kucheza naye.

Nianze na kazi ya kaka, maana bila hiyo hutaelewa kilichomponza binti. Kaka ni mtunza viwanja vya tenisi. Kiwanja cha udongo kina adabu zake: mpira ukidunda unaacha alama, mchezaji akiteleza anaacha mfereji, na vyote hivyo lazima vifutwe, vimwagiwe maji, vipigwe brashi. Kaka yangu hawezi kuona alama akanyamaza. Hata nyumbani, akiona nyayo kwenye sakafu niliyotoka kupiga deki, hana raha mpaka zitoke. Kwa hiyo binti alipoanza kucheza alipewa sharti moja: ukiona alama, futa. Akisahau, baba mtu anapaza sauti kutoka kiwanja cha pili, "We mama! Umeniachia shimo hapo!" Naye anafuta kwa soli ya kiatu, kulia, kushoto, mara mbili, anaendelea na mchezo. Alikua hivyo. Mguu ukazoea kufanya kazi bila kumwuliza mwenye mguu.

Alipata pointi yake ya kwanza kwenye orodha ya dunia akiwa na miaka kumi na tisa, ikamweka nafasi ya elfu moja mia mbili na kitu. Kaka alikwenda kwa meneja wa klabu akaomba achapiwe ile orodha, akaibandika ndani ya mlango wa banda la brashi. Nikamwambia elfu moja mia mbili si namba ya kubandika popote. Alininunia siku mbili.

Tangu hapo maisha yetu yakawa ya Jumatatu, siku orodha inapotoka. Na orodha hiyo haina huruma. Pointi ulizopata zinakaa mwaka mmoja tu. Ukitimia zinaondoka, uwe umepata nyingine au hujapata. Fagio alifika mia nane, akafika mia tano na sitini, akaumia kifundo cha mkono, akarudi mia saba. Akaanza upya. Alilala vyumba vya watu watatu, akafua soksi kwenye sinki, akafunga nyuzi za raketi zake mwenyewe. Akirudi alikuwa anapitia dirishani kwangu kabla hajaenda kwa baba yake.

"Shangazi, shikamoo. Nina begi zima la nguo chafu."

"Marahaba. Na ushindi uko wapi, au nao umo humo humo kwenye nguo chafu?"

"Upo chini kabisa, Shangazi. Chambua taratibu."

Nilikuwa nacheka, lakini nilikuwa naumia. Watu walishaanza kuniuliza huyu binti ataolewa lini, atapata kazi lini. Nilikuwa nawajibu kwamba kazi anayo, tena inaanza saa kumi na moja alfajiri, kama hawaamini waje waokote mipira.

Alichokitaka alikisema mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na saba, sisi watatu tumekaa kwenye ngazi za banda. Alitaka kuingia kwenye mchujo wa mojawapo ya yale mashindano makubwa manne ya dunia. Si kushinda, kuingia tu. Jina lake liwe kwenye karatasi ya watakaocheza mchujo. Kwa hesabu ya kocha wake, alihitaji kuwa ndani ya mia mbili thelathini na tano. "Nikifika ishirini na tisa sijaingia," alisema, "narudi hapa kufundisha watoto. Na sitaki mtu anionee huruma." Kaka alikuwa anapangusa brashi. Niliona kapangusa mahali pale pale mara kumi.

Mwaka uliofuata alikuwa wa mia mbili arobaini na mbili. Akafika nusu fainali katika mji wa mbali, na sisi tukawa tunatazama kwenye simu ya meneja, vichwa vitatu vimegongana. Akapata pointi ya mechi. Mpinzani wake akapiga mpira mrefu ukatua nyuma ya mstari. Nje, hata mimi mfua taulo niliona. Fagio akasimamisha mchezo, akainua kidole. Kwenye udongo mwamuzi akiwa na shaka huteremka kitini kuja kukagua alama, na huyu akaanza kuteremka. Na pale pale, mbele ya macho yetu, mguu wa Fagio ukaenda kulia, ukaenda kushoto. Mara mbili. Alama ikapotea.

Kwenye tenisi, mchezaji akifuta alama amekubali kwamba mpira ulikuwa ndani. Hakuna rufaa. Mwamuzi alimtazama kama mtu anayemwonea haya, akampa pointi mwenzake. Fagio alibaki ameshika kichwa, na mechi nzima ikamtoka mikononi.

Nikageuka kumwangalia kaka. Uso ulikuwa umemshuka. "Ni mimi," alisema. "Ule mguu ni wangu." Nilitaka kumwambia asiseme upuuzi, lakini ilikuwa kweli.

Binti aliporudi hakupitia dirishani. Nilimkuta kwenye ngazi za banda, begi bado begani. Baba yake alikuja akasimama mbele yake na kofia mkononi, akaanza kuomba msamaha. Binti hakumwacha amalize.

"Baba, mimi sikuja kulia. Nimekuja kuuzoeza huu mguu utulie. Unanisaidia au hunisaidii?"

Kilichofuata sikutegemea kukiona maishani. Kaka yangu aliacha kufagia kiwanja namba tatu. Wiki sita! Akamwomba meneja kiwanja kile kiwe cha binti peke yake, na kila mpira uliodunda ukabaki na alama yake. Udongo ukawa na madoa kama ndui. Fagio anacheza, mguu unachomoka wenyewe, baba anaita kutoka nyuma ya wavu, "Acha!" Mguu unarudi. Siku ya kwanza aliita mara themanini na kitu. Jioni nilimwona kaka amesimama na brashi mlangoni, anayatazama madoa yale kwa hamu ya kufagia. Akaitundika brashi ukutani akaenda zake. Nilimpenda kaka yangu siku ile kuliko siku yoyote.

Wiki ya tano akaita mara mbili. Ya sita hakuita kabisa.

Fagio alikuwa ameshuka hadi mia mbili hamsini na moja, na miaka ishirini na tisa ilikuwa imebakiza miezi miwili. Shindano la mwisho kabla karatasi ya mchujo haijafungwa lilichezewa, kwa bahati, klabuni kwetu. Akishinda fainali ameingia. Akishindwa, basi, ni kufundisha watoto.

Akafika fainali. Mpinzani alikuwa binti mrefu, wa mkono wa kushoto, mkimya. Waligawana seti mbili. Katika ya tatu Fagio akaongoza gemu tano kwa nne, akapata pointi ya mechi. Nilikuwa nimesimama na taulo mkononi, naitafuna kabisa. Yule mrefu akapiga mpira ukatua mwisho wa kiwanja, karibu na mstari. Fagio akasimamisha mchezo, akainua kidole.

Nikamwangalia mguu. Uliinuka kidogo, kisigino tu. Ukatulia.

Mwamuzi akateremka, akainama, akaangalia. Akaonyesha kwa kiganja: ndani, umegusa mstari. Uwanja mzima ukaguna. Mimi nikatukana, na sijutii. Lakini Fagio aliitazama ile alama, akaitikia kwa kichwa, akarudi mahali pake anatabasamu. Nikaelewa. Safari hii pointi ilichukuliwa na mpira. Hakuigawa yeye.

Akapata inayofuata. Pointi ya mechi ya pili. Akaurusha mpira juu, akaupiga kwa nguvu zake zote ukatua kule pembeni, yule mrefu asiufikie. Mwamuzi kimya. Yule binti akainua kidole na kuifuata alama, mwamuzi akaanza kuteremka tena, mguu mmoja uko chini na mwingine kwenye ngazi. Kaka alikuwa kando yangu.

Yule binti akachuchumaa. Akaangalia upande huu, akaangalia upande ule. Akasimama, akanyoosha mguu wake, akaifuta alama kwa soli ya kiatu, kulia, kushoto. Kisha akatembea kwenda kwenye wavu, mkono mbele.

Fagio alipiga magoti palepale. Kaka alikuwa bado anatazama upande wa pili, mahali alama ilipokuwa, machozi yanamchuruzika hadi kidevuni.

"Kafuta vizuri," alisema.

Jumatatu orodha ilitoka. Mia mbili ishirini na nane. Nilikwenda kwa meneja mapema, kabla kaka hajafika kazini, nikaomba karatasi, nikaibandika mwenyewe kwenye kioo cha dirisha langu, uso wa namba ukitazama viwanjani.