Samli Chini ya Mkanda

Kuna watu ninaowataja kwenye sala kila asubuhi, na mmoja wao nilikaa naye siku moja tu. Ni fundi wa kusuka upya nyaya za mota, kutoka Kharumwa. Alikuja nyumbani kwetu Shinyanga kutengeneza mashine, na kusema kweli alipofika nilimpokea vibaya.

Nianze na mume wangu. Yeye alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha kuchambulia pamba, na mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la sita. Yeye alizoea mashine, ambazo hazina maneno mengi. Mimi nilizoea watoto sitini wanaonyoosha vidole kwa pamoja, na ukimsubiri kila mmoja amalize alichotaka kusema, kengele inalia hamjafika hata kwenye zoezi. Nikajifunza kuwamalizia sentensi. Tabia hiyo nilistaafu nayo, nikahamia nayo nyumbani.

Kiharusi kilimpata asubuhi akifunga kamba za viatu. Kilimchukua upande wa kulia, mkono na mguu, na ulimi ukawa mzito. Akili ilibaki ileile, ila neno moja liliweza kumchukua muda wa kumenya kitunguu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini hakunizungusha. Aliniambia mguu huo usipotembea kila siku utakakamaa, na ukishakakamaa wao hawatakuwa na la kufanya. Niliandika maneno hayo nyuma ya kadi yake ya kliniki ili nisije nikajidanganya.

Sasa atembee wapi? Mtaani kwetu hakuna anayepita kimya. Kila mlango una salamu, na salamu ya Kisukuma haiishi kwa neno moja. Utaulizwa umeamkaje, nyumbani wameamkaje, mpaka ng'ombe wameamkaje, hata kama hufugi kuku. Mume wangu alijaribu siku tatu. Siku ya tatu watoto wa jirani walimwamkia, wakasubiri, naye akiwa bado anahangaika na herufi ya kwanza wakakimbia kwenda shule. Akageuza, akaketi sebuleni, na hakutaka tena kusikia habari za barabara.

Mwanetu anayefanya kazi Geita ndiye aliyetuokoa. Alituletea tredimili, ile mashine ya kutembelea palepale ulipo, aliyoinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anamaliza mkataba mgodini. Wanaume wanne waliishusha, na majirani wakaja kuitazama. Mmoja aliniuliza kama inasaga. Nikamwambia inasaga vitambi, apande ajaribu.

Kila siku baada ya chai mume wangu alipanda, akashika vyuma vya pembeni, nikambonyezea mwendo mdogo kuliko yote. Mwanzoni dakika tano, kisha kumi, ikafika siku akatembea ishirini. Mguu ule uliokuwa unaburuzwa ukaanza kunyanyuka. Nilikwenda jikoni nikalia. Aliponiona macho mekundu nilisingizia vitunguu, na siku hiyo tulikuwa tunapasha maharage yaliyolala.

Halafu mashine ikaanza kulia. Si kelele kubwa, ni mkwaruzo wa mkanda mweusi unaokanyagwa, pale unapopita juu ya ubao wake. Mimi ni binti wa mfugaji. Kwetu kijijini samli ilikuwa dawa ya kila kitu: mtoto mchanga alipakwa, ngozi ikikauka ilipakwa, bawaba ya mlango ilipakwa, hata ekseli ya mkokoteni. Kitu kikilia, kipake samli. Basi nikachukua chupa ya samli niliyoletewa kutoka Tinde, samli safi yenye harufu yake, nikainua ukingo wa mkanda nikapaka chini yake kwa ukarimu wote. Mume wangu alikuwa kwenye kiti. Alianza kugonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, mdomo unafunguka na kufungika.

"Najua, najua, uji unakuja," nikamwambia. Nikamletea uji.

Mkwaruzo ulikoma kweli, nikajisifu. Lakini kama wiki mbili baadaye mashine ilianza kusimama yenyewe katikati ya mwendo. Kwa nyuma, panapoingia waya wa umeme, kuna kitufe kidogo kinachoruka mashine ikizidiwa. Kikawa kinaruka kila siku, mimi nakirudisha kwa kidole. Ukaja mnuko wa kitu kinachoungua. Kila aliyepita alisema umeme wetu ni mdogo, nikanunua stabilaiza. Wakasema waya wa kuungia ni mwembamba, nikabadilisha waya. Asubuhi moja ilisimama ghafla na mume wangu akaangukia vyuma kifua kikatangulia. Tangu hapo taa za kwenye kioo cha mashine ziliwaka vizuri tu, ila mkanda haukwenda.

Fundi wa kwanza alikaza skrubu zote, zilizolegea na zisizolegea. Wa pili alitazama kwa mbali akasema bodi imeungua, mama tafuta mashine nyingine. Nilimfukuza kwa maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuwa nayo.

Siku ya tisa bila mashine, nikiwa jikoni, niliusikia mguu wake kwenye sakafu ya saruji. Ulikuwa unaburuzwa tena. Nilisimama na mwiko mkononi nikiwa nimeshikwa na hofu, kwa sababu nilijua kilichoandikwa nyuma ya ile kadi.

Mwanetu akasema atamtuma fundi wa kwao huko, anayetengeneza mota za makarasha, zile mashine za wachimbaji wadogo za kusagia mawe ya dhahabu. Nilitarajia baba mzima mwenye ovaroli. Aliyeshuka kwenye bajaji ni binti mwembamba wa miaka thelathini hivi, amevaa kitenge, na begi la vifaa begani. Nikajisemea, haya, tumekwisha.

Aliingia, akaweka begi chini, na kabla hata ya kuangalia mashine akaenda mbele ya kiti cha mume wangu akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Mimi nikadakia kama kawaida yangu. "Marahaba, anasema marahaba. Inuka mwanangu, mashine ndiyo hii."

Hakuinuka. Kwa malezi yetu binti aliyepiga goti haondoki mpaka aliyemwamkia aitikie, na mtu huyo hakuwa mimi. Alibaki pale, ameinamisha kichwa, mikono juu ya goti, hana haraka yoyote. Mume wangu akaanza. Midomo ikatetemeka, shingo ikakaza. Nilitaka kumsaidia, nikajiuma ulimi kwa sababu ya aibu tu. Jibu lilikuja kipande kwa kipande, lakini lilikuja lote.

"Wabeja, baba," binti akashukuru, akasimama, akafungua begi.

Sikumbuki mtu mwingine aliyemsubiri mume wangu namna ile, tangu hospitali mpaka siku hiyo. Miezi saba, na mke wake nikiwemo.

Nikamweleza binti habari za umeme mdogo. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akageukia kwenye kiti. "Baba, mwanao ameniambia wewe ni fundi. Tuanzie wapi?"

Mume wangu hakujibu kwa mdomo. Alionyesha soketi kwa kidole. Binti akapima soketi, umeme ulikuwepo wa kutosha. Akaonyesha kitufe cha nyuma, binti akapima, kizima. Akaonyesha kifuniko cha mbele kinachofunika mota. Binti akafungua, akachomoa ule mkanda mdogo unaounganisha mota na rola inayovuta mkanda mkubwa, akazungusha rola kwa mkono. Haikuzunguka. Alishika kwa mikono miwili ndipo ikasogea kidogo kwa shida.

"Hapa ndipo penye mzigo," alisema. "Mota ilikuwa inavuta mkanda uliogoma, inakula umeme kupita uwezo wake, na kitufe kinaruka kuiokoa. Umeme wenu hauna kosa, mama."

Akainua ukingo wa mkanda. Chini kulikuwa na utando wa kahawia, vumbi letu la Shinyanga limeganda nene kama ugali wa jana. Akakwangua kwa ukucha, akanusa, akanusa tena. Akanitazama.

"Mama, hii ni samli?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikaanza kueleza habari za mkokoteni na bawaba, na nikiwa katikati nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu. Mume wangu alikuwa anacheka. Anacheka mpaka machozi, anagonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, vilevile alivyogonga siku ile. Hapo ndipo nilipoelewa. Alijua tangu siku ya kwanza. Alinikataza, na mimi nikampa uji.

Sikucheka. Nilikaa chini sakafuni karibu na mashine nikamwambia, "Nisamehe, baba." Alinipungia mkono, maana yake niache upuuzi, kuna kazi.

Na kazi ilikuwepo. Binti alitoa kaboni za mota, vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye shingo ya shaba inayozunguka. Kimoja kilikuwa kimeliwa mpaka kimebaki kama punje ya hindi, na shaba imekuwa nyeusi kwa cheche. Ndiyo maana taa ziliwaka na mkanda haukwenda: umeme ulifika mlangoni ukakosa wa kuuingiza ndani. Bodi ilikuwa nzima kabisa. Saizi ya kaboni ile hakuwa nayo, ila alikuwa na kaboni za grainda, ile mashine ya kukatia vyuma, kubwa zaidi, na hizo husuguliwa kwenye msasa mpaka ziingie. Nilidhani atasugua mwenyewe. Akatandika kipande cha msasa kwenye meza ndogo, akaiweka mbele ya mume wangu pamoja na kaboni ya zamani.

"Baba, hii nakuachia. Mimi nisafishe mkanda."

Nilifungua mdomo niseme hawezi. Nikaufunga.

Alisugua kwa mkono wa kushoto, na ule wa kulia, usiokuwa na kazi tangu kiharusi, aliuweka juu ya msasa kuushikilia usisogee. Alisugua, akapima kwa jicho, akasugua tena. Ilichukua muda mrefu kuliko ambavyo mtu mwenye mikono yote angetumia, na binti hakumtazama hata mara moja kuona amefikia wapi. Alikuwa anaondoa aibu yangu kwa maji ya moto na sabuni, akakausha, akapaka mafuta ya silikoni, matone machache tu. Mume wangu alipomaliza kaboni zote mbili, ziliingia kwenye nyumba zake bila kulazimishwa. Binti akasema, "Kazi ya fundi hii," na hakuwa anambembeleza.

Ninamshukuru Mungu kwa mwanangu aliyemtafuta, na kwa wazazi wa Kharumwa nisiowajua waliomlea binti yule. Ninamshukuru kuliko hayo yote kwa kuwa niliufunga mdomo kabla ya kusema hawezi.

Alirudisha mkanda mdogo, akabana waya wa mota kwa mita yake ya kupimia umeme, akawasha. Mota ikaimba kwa sauti nyembamba, bila cheche. Lakini alisema mota isiyobeba kitu haisemi ukweli, lazima apande mtu. Nikavua kandambili nipande mimi, nisije nikamuua mume wangu kwa mara ya pili. Yeye alikuwa ameshasimama, ameegemea kiti, anakuja. Mguu wa kulia ulikwaruza sakafu njia nzima.

Akapanda. Nikamshika kiwiko kwa nguvu, nikambonyezea. Mkanda ukaanza kwenda polepole, naye akaenda pamoja nao, mguu wa kulia unaburuzwa, unaburuzwa, halafu ukanyanyuka. Binti alikuwa anasoma mita. Mume wangu aligeuza uso kwangu, midomo ikaanza kutafuta neno. Nilikuwa na maneno kama kumi ya kumpa: amechoka, anataka maji, anaogopa. Sikumpa hata moja. Nilisubiri, kiwiko chake bado kiko kwenye kiganja changu.

"Ni-a-chie," alisema.

Nikamwachia. Alitembea dakika kumi na moja, nami nimesimama nyuma yake mikono mitupu, sina la kumfanyia.